Masijala, Dirisha la Pili

Darka Semchyshyn aliingia na theluji mabegani,
akaiweka hati yake ya madai juu ya kaunta
taratibu, kama mtu anayetua sega lililojaa.
Mizinga arobaini, alisema. Wiki tatu katika kanola ya Kroeker.
Dola elfu tisa na mia nne, sijaona hata senti.
Nikagonga mhuri.
Miaka kumi na tisa nagonga mhuri hapa Dauphin,
na bado mtu akiusikia ule mlio
huondoka akidhani ameshinda.

Siku ya kumi na nane akaja Wendell Kroeker.
Hakuja na utetezi peke yake.
Nyuma ya kurasa mbili za *sikubali* na *sikumbuki*
alibana ya tatu, yenye kichwa chake: madai kinzani.
Kwamba nyuki walifika siku tisa baada ya ahadi,
maua yakiwa yameanza kupukutika.
Kwamba lori la Darka lilivunja kalavati.
Kwamba lango la kusini liliachwa wazi,
mitamba sita wakalala barabarani, mmoja hakuamka.
Elfu sita, mia moja na hamsini.
Nikagonga mhuri. Uleule. Hauna upande.

Mdai, mdaiwa.
Silabi moja tu imeongezwa mwishoni,
ndogo kama mwiba wa nyuki uliobaki chini ya ngozi
na nyuki mwenyewe keshakwenda zake.

"Basi naliondoa langu," Darka alisema. "Tuishie hapo."
Karani hatoi ushauri; karani hutoa fomu.
Lakini nilimwambia:
ukiondoa lako, lake linabaki.
Halikuzaliwa na lako, limepitia tu mlango mmoja.
Lina miguu yake, lina ada aliyoilipia,
na lisipojibiwa katika siku zilizoandikwa pale chini,
kwa herufi zile ambazo hakuna anayezisoma,
litapita bila mpinzani
nawe umekaa nyumbani unachemsha chai.

Akaomba kalamu.
Kalavati alilijibu kwa mistari minne ya hasira.
Siku tisa, kwa mstari mmoja.
Alipofika langoni kalamu ikasimama,
na watu watatu nyuma yake wakaanza kukohoa.

Aprili, barafu ikitiririka kwenye mifereji ya paa,
faili moja, jaji mmoja, mashahidi walewale:
sheria haipendi kalavati moja ihadithiwe mara mbili.
Asubuhi Darka alidai. Mchana alijitetea.
Kiti hakikubadilishwa.
"Nani aliacha lango wazi?"
"Mimi," alisema. "Saa kumi alfajiri, peke yangu na lori.
Taras alikuwa hospitalini. Yeye ndiye hufunga malango."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu Taras.
Hakumo katika hati yoyote, nimezisoma zote.
Kroeker alitazama kofia yake mapajani,
kisha akasimama bila kuitwa, akasema
zile siku tisa zifutwe.
Wakili wake akafumba macho.

Kilichobaki kilikuwa hesabu ya darasa la tatu.
Nyuki: elfu tisa na mia nne, zote.
Mtamba: elfu mbili na mia mbili.
Kalavati lilikuwa bovu tangu zamani, mia saba.
Toa hizi katika zile.
Elfu sita na mia tano, hukumu moja, namba moja,
Kroeker amlipe Darka, kila mtu na gharama zake.
Walitoka kwa mlango mmoja
kwa sababu ule mwingine ulikuwa umeganda.

Jioni niliirudisha faili kabatini.
Mgongoni imeandikwa *Semchyshyn dhidi ya Kroeker*,
kwa mkono wangu, wino mweusi.
Nilitafuta nafasi ya kuandika na kinyume chake.
Lebo ni fupi.